Nani Amekufa?

Jumapili nilimpigia mama, yuko Tabata, simu ya kawaida tu ya salamu. Katikati ya maongezi nikamwambia, "Mama, Jumamosi ijayo usinitafute, tunakwenda mlimani familia nzima." Kimya. Nikasikia anapunguza redio. Halafu akauliza taratibu, "Nani amekufa?"

Nikacheka. Nikamwambia hakuna aliyekufa, tunakwenda kuangalia majani. Majani gani? Majani ya miti, mama, yanageuka rangi. "Baba, si yanaanguka hayo? Huu mkungu wa hapa uani unanifagilisha kila asubuhi, na majani yake mekundu vilevile. Mbona hujawahi kupanga safari ya kuja kuyaangalia?"

Hilo la mkungu nalikubali, kanipiga chenga. Lakini lile swali la kwanza limenikaa kooni wiki nzima, kwa sababu mama hakukosea. Kwetu sisi, familia nzima haipandi gari kwenda mlimani mpaka mtu afe.

Huku Japani mambo ni mengine kabisa. Kipupwe kinapokaribia, makampuni ya hali ya hewa hutoa ramani ya utabiri. Si wa mvua, wa majani. Ramani inakuonyesha mlima upi utakuwa mwekundu wiki ipi, na watu wanaomba ruhusa kazini kwa kuifuata. Wana neno lao, momijigari, kama kusema kuwinda majani. Sisi tunakwenda Nikko, kaskazini ya Tokyo. Juu kule kuna Ziwa Chuzenji, mita 1,269 kutoka usawa wa bahari, ambako majani huiva katikati hadi mwisho wa mwezi wa 10, wakati mji ulio chini bado unasubiri Novemba. Baridi inaanzia juu inashuka, na rangi inashuka nayo. Mti unaacha kutengeneza kijani. Ile njano ilikuwemo ndani ya jani siku zote, imefichwa tu, ila nyekundu mti unaipika upya kutokana na sukari iliyobaki. Ukichelewa wiki moja unakuta matawi matupu. Kwa hiyo mke wangu amebandika ramani kwenye friji na kila jioni anaikagua kama mtu mwenye hisa.

Najua mnachosema. "Huyu keshakuwa Mjapani." "Hela zinamwasha." Haya, tuzungumze hela.

Baba mkubwa alipofariki, kundi letu la familia liliamka saa 4 usiku. Kufika alfajiri michango ilikuwa imetosha Kosta mbili, mchele, ng'ombe na sanda, na chenji ikabaki. Mimi mwenyewe nilituma kutoka huku kabla sijanawa uso. Hakuna aliyesema hali ngumu. Hakuna aliyesema barabara mbovu, watoto wana mtihani, bosi hatanielewa. Bosi alielewa! Sasa jaribu kundi lilelile uandike, "Jamani, twendeni Lushoto tukakae siku mbili tupunge hewa." Utajibiwa na nani? Kwa hiyo tusisingizie hela. Hela ipo, ila ina masharti, lazima pawe na jeneza.

Mimi ni Msambaa wa Dar. Nimepanda Usambara mara tatu maishani, na mara zote tatu tulikwenda kuzika. Maporomoko ya Soni nayajua kwa dirishani, nyuma ya gari la maiti, wanawake wanaimba, hakuna wa kumwambia dereva simama kidogo. Pale njiani wauza peasi walikuwa wanakuja mbio na ndoo zao, wakiona kitambaa cheupe kwenye kioo wanarudi nyuma wenyewe. Peasi za nyumbani kwetu sijawahi kuzinunua zikiwa bado na umande. Irente, pale kwenye jabali unapoiona nyika yote chini, ni kilomita kama 5 kutoka Lushoto mjini. Sijafika. Wazungu wenye mabegi mgongoni wamefika, wote. Sisi saa 10 alasiri tulikuwa tunahesabiwa tupande gari, kesho kazi.

Na hapa kuna jambo linaloniuma kuliko yote. Kosta zenyewe zinatoka huku. Mmeshaona zile zenye maandishi ya Kijapani ubavuni ambayo hakuna aliyehangaika kuyafuta? Naziona hapa Saitama zikibeba wazee wa hotelini, kofia kichwani, maboksi ya chakula mapajani, wanakwenda kuangalia majani. Zikichakaa zinapanda meli. Basi lilelile, viti vilevile, likifika Dar linabeba wafiwa.

Kabla hamjanirukia: sijasema wenzetu wanajua kuishi. Ile barabara ya kupanda Chuzenji, Irohazaka, ina kona 48 ukijumlisha ya kupandia na ya kushukia, na kila kona imepewa herufi yake. Wikiendi ya majani foleni yake ni Mwenge ya saa 12 jioni, tena Mwenge hakuna mwanao anayetapika kwenye kona ya herufi ya kumi na ngapi sijui. Tunatoka nyumbani saa 10 alfajiri ili tuikwepe, na kila mtu mwingine naye ana mpango huohuo. Mwaka jana tuliangalia majani kutoka ndani ya gari, tukiwa tumesimama, kwa muda ambao Dar ningekuwa nimefika Chalinze.

Na mwaka huohuo mzee wa ghorofa ya chini yetu alifariki. Tulijua siku ya nne, lilipokuja gari kuchukua makabati yake. Watu wawili wenye glavu, basi. Hakuna turubai, hakuna sufuria, hakuna wa kumwuliza nikupe pole wewe au nani. Mimi nilisimama ngazini na bahasha yangu ya rambirambi kama mjinga. Watu wanaopanda mlima kwa maelfu kulizika jani, na mzee yule hakupata hata Noah moja. Kwa hiyo msinifundishe ubaya wa huku, naujua, nalala nao.

Ila nakataa kuambiwa nichague. Kwani nani kasema watu wanaojua kuzikana hawawezi kutembeleana na mlima wao wakiwa wazima? Dukani karibu na stesheni wanauza kijiua cha zambarau kwenye kikopo, bei ya mlo wa mchana. Kinatoka Usambara, Mjerumani mmoja alikipeleka kwao mwaka 1892 kikapewa jina lake, Saintpaulia. Muuzaji nilimwambia hicho ni cha kwa bibi yangu, akainama kwa heshima kubwa. Sikumwambia kwamba porini kwake sijawahi kukiona, kwa sababu kila nilipokwenda nilikuwa nimeshika koleo.

Basi usiku huo baada ya simu ya mama nikaingia kwenye kundi la familia. Nikaandika vizuri, kwa adabu: Desemba nakuja likizo na watoto, naomba tukodi Kosta moja, twende Lushoto siku tatu, tulale, tupande Irente, tushuke Soni tupige picha, nusu ya gharama nalipa mimi. Tupo 43 kundini. Asubuhi nikaona 38 wameshasoma.

Aliyejibu ni shangazi peke yake. Ameandika, "Poleni sana. Mazishi saa ngapi?"