Majimoto ya Chumathang yaanze kwa wenyewe

Taulo langu liligeuka ubao. Nililianika jioni kwenye uzio wa nyumba ya wageni, asubuhi nikalikuta limekakamaa, nikaliegemeza ukutani likasimama lenyewe. Hatua chache chini yake, ukingoni mwa mto Indus, ardhi ilikuwa inatokota na kufuka mvuke kama jungu la pilau la harusini.

Hapo ni Chumathang, Ladakh, kaskazini kabisa mwa India. Nilikuwa nasoma Pune, na mwishoni mwa Septemba nikaamua kwenda kuona huko juu ambako wenzangu Wahindi wenyewe wengi hawajafika. Kijiji kiko kwenye mwinuko wa mita 4,000 hivi. Mliopanda Kilimanjaro, hapo ni juu kuliko kambi ya Horombo, na watu wanazaliwa, wanaoa na kuzeeka hapo hapo. Kutoka mji wa Leh ni kilomita karibu 140, barabara ikifuatana na mto. Kabla ya safari hiyo unalala kwanza Leh siku mbili tatu ili mwili uzoee hewa nyepesi. Nililala, na kichwa kikauma vile vile.

Majimoto kwa Kihindi ni *garam pani*, na kila aliyewahi kununua garam masala anajua nusu ya jina hilo bila kufundishwa. Maji yanatoka yakiwa karibu kuchemka. Ila kuchemka kwa kule si kuchemka kwa Tanga: kwenye mwinuko ule maji yanachemka yakifika nyuzi 87 hivi, ndiyo maana presha kuka inapiga mluzi karibu kila jikoni. Maharage kwenye sufuria ya kawaida utayachochelea kuni mpaka ukome. Na usitafute volkano, haipo. Bara Hindi limekuwa likijisukuma dhidi ya Asia kwa mamilioni ya miaka, mshono wa mgongano huo unapita kwenye bonde hilo la Indus, na joto lililoko chini linapata nyufa za kupandia.

Wazee wa Ladakh huja kuloweka magoti na migongo. Mimi nililoweka vyote. Kama inaponya sijui, lakini usiku ule nililala fofofo.

Kilichonikera ni chumba nilicholala. Kilikuwa barafu. Mama mwenye nyumba, ambaye kila mtu alimwita *ama-le* (*ama* ni mama, *le* ni ya heshima), aliniongezea blanketi la tatu, akanieleza kwamba majira ya baridi familia nzima huhamia chumba kimoja chenye jiko la bati. Huko Changthang, uwanda wa juu ambamo kijiji hicho kimo, baridi hushuka mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri. Jiko linalishwa kuni pale zinapopatikana, na miti ni ya kuhesabu, kwa hiyo mara nyingi ni mavi makavu ya mifugo. Mafuta ya taa na dizeli huja kwa lori kupitia milima inayofungwa na theluji. Yote hayo yanachomwa juu ya ardhi inayochemka!

Si kwamba hakuna aliyeliona. Miaka ya 1970 wanajiolojia wa serikali ya India walichimba visima hapo na katika bonde jirani la Puga, wakajaribu hata kupasha vibanda joto kwa majimoto. Baadaye wataalamu wa Norway, Iceland na India walijaribu kupasha jengo la hoteli Chumathang kwa joto hilo hilo. Kisha Februari 2021 shirika la mafuta na gesi la serikali, ONGC, likatia saini mkataba wa kufua umeme Puga, likianza na mtambo wa majaribio wa megawati 1. Mwaka 2022, uchimbaji ukiendelea, majimoto yakafumuka na kutiririkia kijito cha Puga, bonde ambalo wafugaji wa jamii ya Changpa wanalisha mbuzi wa pashmina, wale wa sufu laini inayouzwa kwa bei ya dhahabu.

Siupingi umeme wa jotoardhi. Ninachopinga ni mpangilio. Kugeuza maji ya nyuzi 80 na kitu kuwa umeme ni kazi ngumu na joto jingi linapotea njiani, ilhali kuyapitisha kwenye mabomba chini ya sakafu ni kazi ya mafundi. Kazi yenyewe haikosi usumbufu: maji hayo yana madini yanayoganda ndani ya bomba, lazima lisafishwe. Lakini ni usumbufu ambao kijiji kinaweza kuumudu kikipewa vifaa na mafunzo.

Mifano tunayo kwetu. Pale Eburru, Kenya, wenyeji wamekuwa wakinasa mvuke wa ardhini na kuupooza wapate maji ya kunywa, na wakakaushia pareto kwa joto lake. Jirani tu, Olkaria, imejengwa mitambo ya mamia ya megawati, na mwaka 2014 familia za Wamasai zikahamishwa kuipisha. Nairobi inawaka taa, sawa. Ila nikiulizwa Chumathang ifanane na ipi kati ya hizo mbili, sina haja ya kufikiri mara mbili: ianze kama Eburru. Vyumba vya wenyeji kwanza, shule na zahanati, kisha nyumba ya kuoteshea mboga, maana majira ya baridi kabichi huko ni anasa. Megawati zije baadaye, kama zipo.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta ama-le nyuma ya nyumba akipanga vipande vya mavi makavu ukutani, kimoja juu ya kingine kwa ustadi wa fundi matofali. Akiba ya miezi sita, alisema. Nilimsaidia safu mbili, pumzi zikaniishia, nikakaa juu ya jiwe. Lilikuwa la moto.