Redio ya Taifa na Kero za Milimani Mwanza

Waingereza waliwahi kujaribu jambo ambalo sisi tuliokulia Mwanza tunalihitaji kuliko wao. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2001 waliojitokeza kupiga kura huku Uingereza, ninakoishi sasa, walikuwa takriban asilimia 59, kiwango cha chini kuliko vyote tangu 1918, na BBC, ambayo ni shirika la umma, ikajiuliza kwa nini watu wameipa siasa kisogo. Mwaka 2003 ikazindua iCan, jukwaa la mtandaoni ambapo mtu aliyekerwa na jambo la mtaani kwake, liwe la takataka au la basi lililofutwa, angepata maelezo ya namna ya kulifuatilia, angewatafuta wenzake wenye kero hiyohiyo na pamoja wangeanzisha kampeni. Baadaye likaitwa Action Network, na mwaka 2008 likafungwa.

Nionavyo mimi, lilikwama kwa sababu shirika lisiloruhusiwa kuegemea upande wowote liliwapa wananchi ukumbi lakini likasita kuwapa kipaza sauti. Kazi ile imeshikwa na wengine. FixMyStreet, iliyoanzishwa mwaka 2007 na taasisi binafsi ya mySociety, nimeitumia mwenyewe hapa Leicester: unaonyesha shimo la barabarani kwenye ramani, unaweka picha, taarifa inapelekwa halmashauri na inabaki wazi kwa kila mpita njia wa mtandaoni. Ni utaratibu mzuri, ingawa unaweza kuutumia miaka nenda rudi bila kulijua jina la jirani yako.

Kwetu Mabatini majirani tunajuana hadi majina ya bibi zetu, na kero tunazijua zaidi. Ziwa linaonekana kutoka mlangoni, lakini maji ya kupanda mlima ule wa mawe yanahitaji pampu, na mgawo ukibana, mama yangu mdogo hulala akiwa ameacha bomba wazi na beseni la bati chini yake, ili maji yakija usiku wa manane mlio umwamshe ajaze madumu. Jambo hilo limesemwa katika mikutano ya mtaa, mtendaji ameliandika kwenye kaunta buku, mwenyekiti ameahidi kulifikisha mbele, na kaunta buku limefungwa. Watu wa kwetu hawajachoka kusema, bali hakuna anayewajibika hadharani kueleza neno lao limefika wapi.

Hapo ndipo ninapoifikiria TBC, shirika letu la utangazaji la taifa. Wapo watakaosema nataka kuleta mambo ya Ulaya, lakini redio yetu ilifanya kazi ya aina hii miaka 30 kabla ya iCan. Mwaka 1973 Redio Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili wakakusanyika katika vikundi vya kusikiliza, wakajadili kipindi, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Tofauti ni kwamba mada ilichaguliwa juu na utekelezaji ukafanyika chini. Ninachoomba ni kuigeuza njia ileile, mada itoke mtaani na mwenye kutakiwa kutekeleza awe ofisini.

Ugumu wake haujifichi. TBC inategemea fedha za serikali, ilhali hapa kaya inayotazama televisheni hulipa ada, ambayo Aprili 2025 ilifikia pauni 174.50 kwa mwaka. Mwaka 2016 tuliambiwa matangazo ya Bunge ya moja kwa moja yana gharama kubwa, yakasitishwa, na kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwafanya wengi wafikiri mara mbili kabla ya kuandika. Hata hivyo, bomba kavu halina chama, na kunyamaza kuna gharama yake. Kivuko cha MV Nyerere kiliruhusiwa kubeba watu 101. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, kikiwa kimejaa kupita kiasi, na zaidi ya watu 200 wakafa. Abiria na wauza samaki wa pale hawakuhitaji mtaalamu wa kuwaambia chombo kimejaa. Walihitaji mahali pa kulisema jambo hilo mapema, likasikika nchi nzima.

Kwa hiyo jukwaa la mtandaoni peke yake silitaki, maana mama mdogo hana muda wa kujaza fomu kwenye simu. Nataka kero ipokewe kwa ujumbe mfupi au kwa mtendaji, ipewe namba na tarehe, iwekwe mtandaoni ambapo hata sisi wa mbali tutaiona, kisha kila wiki TBC Taifa isome za Kanda ya Ziwa na kumwita afisa anayehusika ajibu. Asipotokea, orodha isomwe tena wiki inayofuata, na tarehe ambayo kila kero iliandikishwa itajwe.