Kati ya Bahasha na Beseni

Mtaa wetu hapa Mbagala una mjumbe mmoja, fundi baiskeli mmoja, na washauri wa ajira wasiohesabika. Washauri hawa wamegawanyika katika kambi mbili ambazo hazipikiki chungu kimoja. Kambi ya kwanza, ambayo kiongozi wake ni mama yangu mzazi, inaamini kwamba mtu aliyesomeshwa mpaka shahada hana budi kuketi ofisini, nyuma ya meza, huku kiyoyozi kikimpuliza. Kambi ya pili, ambayo kiongozi wake ni mjomba wangu, inaamini kwamba ajira zimekwisha duniani na kwamba kijana mwenye akili anaanza biashara kesho asubuhi. Mjomba huyu, naomba ifahamike mapema, ni mtumishi wa umma tangu enzi za Mzee Mwinyi na hajawahi kuuza hata karanga.

Mimi ni mhitimu wa shahada ya Usimamizi wa Rasilimali Watu, yaani kwa miaka mitatu nilifundishwa namna ya kuwatafuta watu, kuwasaili, kuwaajiri na, inapobidi, kuwafukuza, na kilichobaki sasa ni kupata mahali pa kuwafukuzia. Tangu nihitimu nimevutwa huku na huku na kambi hizi, na kila nikichunguza naona zinanitaka niende na kitu ambacho, kama ningekuwa nacho, nisingekuwa na shida nazo. Mwajiri anataka uzoefu wa miaka mitatu, ambao siwezi kuupata mpaka mwajiri mwingine asiyetaka uzoefu anichukue, na huyo bado hajazaliwa. Biashara nayo inataka mtaji, ambao njia pekee ya halali ya kuupata ni kuwa na kazi.

Anayedhani kwamba kutafuta kazi ni kukaa bure hajawahi kutafuta kazi. Ni shughuli yenye gharama kamili, isipokuwa haina mauzo. Kuna bando la kuingilia kwenye mfumo wa maombi, ambao hukwama usiku wa mwisho wa tangazo, saa ambayo sisi wote tumeukumbuka. Kuna nakala za vyeti, ambazo sharti zithibitishwe na mwanasheria, ambaye hutazama cheti changu, akanitazama mimi, akagonga muhuri kuthibitisha kwamba karatasi ile ni ile, kisha akapokea fedha kwa kila ukurasa bila kuulizwa ana uzoefu wa miaka mingapi katika kugonga. Kuna shati jeupe, ambalo sisi vijana watatu wa mtaani tunalimiliki kwa ushirika, na ambalo haliwezi kwenda kwenye usaili wa sehemu mbili siku moja.

Halafu kuna wadhamini. Tangazo husema utaje wadhamini watatu wa kuaminika. Nilipohitimu nilikuwa nao, tena wenye vyeo. Sasa mmoja amestaafu na kuhamia shambani ambako simu hushika akipanda kichuguu, wa pili amesahau sura yangu kabisa, na wa tatu kila nikimpigia kumtaarifu kwamba nimemwandika tena, hunyamaza kidogo, kisha huuliza kwa huruma, "Mwanangu, bado tu?" Mdhamini wa aina hiyo akipigiwa simu na mwajiri, sina hakika atasema nini, lakini nina hakika atalisema kwa sauti ile ile.

Ukishavuka hapo ndipo unakutana na wenzako. Mwezi Juni mwaka 2014, Idara ya Uhamiaji ilipokuwa na nafasi 70, waombaji zaidi ya 10,000 walifika Uwanja wa Taifa kusailiwa, na siku hiyo hapakuwa na mechi ya Simba na Yanga. Mapema mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, ikapokea maombi 135,027, yaani watu zaidi ya 84 kwa kila kiti. Mjomba aliposikia takwimu hizo alipiga meza kwa furaha, kwa sababu zilimthibitishia hoja yake. Mama naye alizisikia akafurahi vilevile, akasema kwamba kama watu 1,596 wamepata, kwa nini mwanawe asiwe mmoja wao. Takwimu moja, kambi mbili, na mimi katikati nikitafuta nauli.

Siwezi kusema sijawahi kufaulu. Taasisi moja ilinisaili, ikanijulisha kwamba alama zangu ni nzuri ila nafasi hazikutosha, hivyo jina langu limehifadhiwa kwenye kanzidata mpaka itakapotokea nafasi nyingine. Kabla sijamaliza kusoma ujumbe ule, Mama alikuwa ameshatoka kutangaza kwamba mwanawe amepata kazi Kanzidata, na jirani mmoja akauliza huko Kanzidata ni mkoa gani na kama nyumba za kupanga zinapatikana. Mpaka leo kuna watu hapa mtaani wanaodhani niko likizo.

Nikageukia kambi ya pili. Mjomba alinipokea kwa karatasi ya hesabu za kuku. Nimeziona hesabu za kuku za namna nyingi, na napenda kukiri kwamba kuku wa kwenye karatasi ni kiumbe wa ajabu. Hali chakula kinachopanda bei, haugui kideri, hapati gumboro, haibiwi, na mgeni kutoka kijijini akija hakuna anayemtazama kwa jicho la pilau. Unaanza na vifaranga 100, ukigeuza karatasi wamekuwa 1,000, na kabla ya kufika chini ya ukurasa una kiwanja Kigamboni. Nilimuuliza Mjomba mbona hakuna aliyekufa hata mmoja. Akaniambia kwamba tatizo la vijana wa siku hizi ni kutanguliza mawazo ya kushindwa.

Nilipomwomba basi anikopeshe fedha za hao vifaranga wasiokufa, mambo yakabadilika. Mtu aliyekuwa akinisema kwa kupenda usaili alivaa miwani, akaniketisha mbele yake, akataka andiko la biashara, akauliza najiona wapi baada ya miaka mitano, na mwisho, Mungu ni shahidi, akauliza nina uzoefu gani wa kufuga. Ulikuwa usaili kamili, isipokuwa shati jeupe halikuwepo kwa kuwa siku hiyo lilikuwa Dodoma na mwanahisa mwenzangu. Majibu, aliniambia, nitapigiwa.

Mkopo wa benki nao una masharti yake. Benki inataka kuona mzunguko wa fedha za biashara kwa miezi kadhaa iliyopita, jambo linalomaanisha kwamba ili upate fedha za kuanzisha biashara ni lazima uwe umeshaianzisha. Inataka pia dhamana, ambayo ni nyumba, na nyumba niliyo nayo ni ile ninayolala kwa hisani. Walio tayari kukupa bila maswali ni wale wa kausha damu, ambao wanakuja kuchukua rejesho kila siku asubuhi, kabla biashara yenyewe haijapiga mswaki.

Tukajaribu mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilikuwa haitolewi kwa mtu mmoja mmoja bali kwa kikundi, nasi tukaunda kikundi. Tulichagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, tukabishana kuhusu katiba mpaka taa ya mwenye nyumba ikazimwa, tukajaza fomu na kuzipitisha kila panapostahili. Tulipokaribia kukamilisha, Aprili 2023, serikali ikaisitisha mikopo yote nchini ili utaratibu wake ufumuliwe upya. Iliporejeshwa mwaka 2024, mwenyekiti alikuwa ameolewa Tunduma, katibu amepata ajira na hataki kukumbushwa, na mweka hazina alikuwa bado yupo, lakini ndiye mwanachama pekee aliyekuwa hajafanya kazi yake hata siku moja.

Hata ukipata senti chache, kuna fremu ya duka. Mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja kwa sababu ya kukuonyesha mlango ambao ulikuwa unauona tangu utotoni kila ukienda shule. Uwakala wa fedha kwa simu, ambao watu huutaja kwa wepesi sana, unataka namba ya mlipa kodi, ambayo nashukuru inatolewa bure, leseni ya biashara, ambayo si bure, na floti, yaani fedha za kuzungushia, ambayo ndiyo hadithi yote. Na kwa upande wa kujipanga na beseni barabarani, Mama alishasema kwamba siku nitakayobeba beseni, yeye atahama mtaa, naye ndiye anayenilisha.

Wakati kambi hizi zikibishana, kuna asiyebishana, naye ni Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu. Huyu ananikumbuka vizuri kuliko wadhamini wangu wote. Nikiajiriwa, anachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Nikijiajiri, sharti nirejeshe kiasi kisichopungua shilingi 100,000 kwa mwezi. Ni yeye pekee katika nchi hii aliyeandaa makadirio ya mafanikio yangu katika njia zote mbili.

Lakini kinachonimaliza si masharti hayo. Ni kukosa muda. Asiyekuwa na kazi hapa kwetu ana kazi nyingi mno, na kila moja huanza kwa maneno yale yale: "Kwa kuwa wewe upo tu." Kwa kuwa nipo tu, nampeleka bibi kliniki ya presha na kumshikia foleni tangu alfajiri. Kwa kuwa nipo tu, nasimamia mafundi wa choo cha shangazi. Kwa kuwa nipo tu, ninalala kwenye kila msiba wa ukoo, nazunguka na daftari la rambirambi, nasindikiza jeneza mpaka Mahenge, kisha narudi nikikuta tangazo la kazi limefungwa jana. Kwenye hitima ya juzi nilihesabiwa miongoni mwa vyombo vilivyoazimwa.

Hata hivyo, riziki haina adabu, huingilia mlango wowote. Katika kwenda na kurudi steshenari kutuma maombi, mwenye steshenari aligundua kwamba nimeujua mfumo ule wa ajira kuliko wafanyakazi wake, akanipa kompyuta ya pembeni niwajazie watu maombi yao tugawane malipo. Ninajaza vizuri. Najua picha ipunguzwe kiasi gani, najua barua ianze vipi, najua hata wadhamini wa kubembeleza. Wateja wangu kadhaa wameajiriwa, na mmoja alirudi na soda kunishukuru, akaniuliza kwa nia njema kama na mimi sijafikiria kuomba.

Ndiyo maana siku hizi silali. Kila tangazo linapotoka, mimi ndiye wa kwanza kuliona. Kama mfanyabiashara, nataka waombaji wawe wengi iwezekanavyo, nibandike tangazo mlangoni, nipige hata kipaza sauti. Kama mwombaji, nataka tangazo lile lisomwe na mimi, Mama, na Mwenyezi Mungu. Wiki hii zimetangazwa nafasi 3 za Afisa Rasilimali Watu Daraja la II, mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa saa sita usiku. Jana akaja dada mmoja mpole, mwenye shahada kama yangu, na uzoefu wa miaka minne, akaweka shilingi 5,000 mezani kabla hata sijamkaribisha, akaomba nimwandikie barua ya nguvu kwa nafasi hizo. Nikaitazama ile noti, nikakitazama cheti chake, nikayatazama na matokeo yake, somo kwa somo. Nikamrudishia fedha kwa mikono miwili, nikamwambia kwa masikitiko kwamba mtandao unasumbua sana wiki hii, apite Jumamosi asubuhi.