Kabla ya eksirei, shika kiwiko

Kiwiko cha shangazi kilianza kuuma Ramadhani. Hapa Ngamiani, Tanga, mwezi ule ni magimbi na mihogo ya nazi karibu kila siku, na kila alasiri yeye yuko juu ya mbuzi anakuna, kisha anakamua tui. Ikafika siku akashindwa kuinua chupa ya chai.

Alipokwenda kutibiwa, aliyempokea hakumgusa mkono. Alisikiliza huku anaandika, akampa karatasi ya eksirei. Picha ikaonyesha mifupa mizima, shangazi akarudi na dawa za maumivu. Akaanza kusema labda ni uzee tu. Neno hilo liliniuma kuliko hela ya picha.

Wiki mbili baadaye tulimpata tabibu mwingine, kijana. "Shikamoo mama. Hebu nyoosha mkono mpaka mwisho." Ukanyooka. Akamwambia akunje ngumi, akaweka dole gumba kwenye kifupa cha nje cha kiwiko, kisha akamtaka ainue ngumi juu huku yeye akiisukuma chini. "Hapo hapo, mwanangu!" Dakika mbili hazikufika.

Kipimo hicho huitwa cha Cozen. Kano za misuli inayoinua kiganja zimeshika kwenye kifupa kile, na zikichoshwa kila siku huumia. Eksirei ni ya mfupa, kano haionyeshi vizuri. Vitabu huita kiwiko cha tenisi, lakini humpata pia mkuna nazi, seremala, dobi.

Sisemi picha haina kazi. Ukianguka na baiskeli, na mji wetu una baiskeli nyingi, kisha kiwiko kikagoma kunyooka, nenda ukapigwe picha. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2008 uliwapima watu 1,740 walioumia kiwiko: kati ya walioshindwa kukinyoosha karibu nusu walikuwa wamevunjika, na walioweza ni kama 3 tu kwa kila 100. Kwa hao 3, na kwa watoto hasa, mgonjwa aambiwe arudi maumivu yasipopungua. Lakini utaujuaje mkono usionyooka kama hukumwambia mtu aunyooshe?

Ndiyo maana nawaomba watabibu wetu: tushikeni. Nasi wagonjwa tuzoee kusema, "Daktari, naomba unipime mkono kwanza."

Siku hizi nazi nakuna mimi. Shangazi anakaa pembeni na chupa ya maji ya nusu lita mkononi, anaishusha taratibu kwa kiganja, kama alivyoonyeshwa, akihesabu hadi 15.