Mtu Mzima Unaonja Bia?

Mimi sina ugomvi na bia. Ugomvi wangu ni na watu wanaoinusa kwanza.

Jumatano mchana, kwenye kundi letu la WhatsApp, lile la michango ya misiba na kutumiana mikeka, Mhasibu akatupia ujumbe: "Wakuu, Jumamosi tunaenda Masaki kuonja bia. Wanazipika hapo hapo." Nikasoma, nikarudia. Mboga ndiyo inaonjwa, kuangalia chumvi kama imekolea. Bia mtu mzima anaagiza, inafunguliwa mbele ya macho yake, anakunywa. Kama ni mbovu atajua kesho yake, kazini.

Lakini Ticha akajibu kwa kidole gumba, Mangi akajibu kwa kidole gumba, nami nikaona nikibaki Tabata peke yangu nitakunywa na nani. Nikaweka gumba.

Hebu niwaeleze kwanza utaratibu wetu, maana wapo wanaodhani baa ya mtaani haina utaratibu. Pale tunapokaa Tabata, viti vya plastiki, meza moja mguu mfupi, unafika unakuta mtu ameshasema, "Mzungushie meza." Dada mhudumu anakuuliza swali moja tu, na ndilo swali kubwa kuliko yote nchi hii: baridi au moto? Ukishajibu, kazi yako imekwisha. Chupa inakuja, opena inalia, kizibo kinaangukia mezani na mezani hapo hapo kinabaki, kwa sababu kizibo ndiyo risiti. Usiku ukishakuwa mkubwa na watu wakaanza kubishana nani kanywa ngapi, dada anakusanya vizibo, anavipanga vitano vitano, anatangaza. Hakuna rufaa.

Halafu kuna kaunta. Mtu anaondoka saa mbili anakuachia mbili kaunta, wewe unakuja saa nne unazikuta. Hamjaonana, hamjasalimiana, na tayari unadaiwa heshima. Huo ndio mfuko wa hifadhi ya jamii ninaouelewa mimi.

Sasa twende Masaki. Bajaji inabeba abiria watatu. Wanne ni undugu. Mangi ni mtu wa kilo za kutosha, kwa hiyo nilisafiri nusu ndani, nusu nje, goti langu likisalimiana na pikipiki zote za Barabara ya Mandela. Tulifika kiu imeshageuka njaa. Getini mlinzi akatuuliza, "Mmekuja kwa nani?" Swali hilo baa! Mangi akamjibu, "Kwa bia." Akafungua, lakini alitusindikiza kwa macho mpaka tulipokaa.

Ndani pazuri, siwezi kusema uongo. Nyuma ya kioo yamesimama matangi ya chuma yanayong'aa, mabomba yanapanda na kushuka. Hakuna kreti, hakuna chupa hata moja. Orodha imeandikwa ubaoni kwa chaki, rangi tatu, na bei iko pembeni kwa maandishi madogo, kwa aibu. Nikasogea kuisoma. Glasi moja 12,000. Nikarudi kukaa taratibu, mtu asijue nimeumia wapi.

Akatujia kijana wa Kitanzania kabisa, aproni kiunoni. "Karibuni sana kaka zangu. Mmeshawahi kuonja bia?" Kaka zake tukatazamana. Mangi ana kitambi alichokianza kabla kijana huyu hajaingia darasa la kwanza.

Ila alijua kazi yake. Akatuambia bia ni vitu vinne: maji, kimea cha shayiri, hopsi na chachu. Akasema kule Bavaria, Ujerumani, mwaka 1516 watawala walitoa amri kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji, basi. Chachu haikutajwa kwa sababu walikuwa bado hawajaielewa. Ilifanya kazi humo humo miaka yote bila kutambuliwa, kama vibarua wengi tunaowajua. Mangi akainua mkono: "Na ndizi?" Kijana akasema kwa amri ile, ndizi haimo. Mangi akanuna hadi glasi ya pili.

Nikauliza kuhusu bei, maana mtu lazima aseme. Nikaambiwa hopsi ni maua ya mmea unaotambaa, na mmea huo unataka kiangazi chenye mchana mrefu sana ndipo uchanue vizuri. Sisi hapa karibu na ikweta mchana wetu ni saa kumi na mbili hivi, Januari hadi Desemba. Kwa hiyo hopsi inaagizwa nje. Yaani bei ya glasi inatokana na jua! Katika maisha yangu ya baa nimepewa visingizio vya kila namna, mara dola imepanda, mara kodi, mara jenereta. Jua ndiyo mara ya kwanza.

Bia ikaja. Nasema bia, lakini kilichokuja ni ubao wenye matundu, na ndani ya matundu vijiglasi, kuanzia cha njano kilichopauka upande huu mpaka cheusi tii upande ule. Kila mtu na ubao wake. Nikachukua cha kwanza nikakimeza chote, kijana akanishika mkono kwa upole: "Kaka, kwanza tunanusa."

Tukanusa. Wanaume wanne, wenye watoto wanaotuita baba, tumeinamia vijiglasi. Ticha akafumba macho. "Napata embe." Mhasibu akasema yeye anapata pasheni, tena iliyoiva. Mimi nilipata bia. Nikavuta tena, nikapata harufu ya kitambaa walichofutia meza. Nikakaa kimya, maana kijana alisema hakuna jibu lisilo sahihi, na mimi nilikuwa nalo.

Cha tatu ndicho kilicholeta mambo. Kinaitwa IPA, kirefu chake India Pale Ale. Tukasimuliwa Waingereza walivyokuwa wakiwapelekea wenzao bia India kwa meli za matanga, safari ya miezi, na bia iliyotiwa hopsi nyingi ndiyo iliyokuwa ikivumilia njia bila kuchacha. Sawa. Lakini sisi Tabata na Masaki tumetenganishwa na foleni tu, mnatutilia hopsi za kufika India za nini? Uchungu ule uliniganda nyuma ya ulimi ukanikumbusha mwarobaini niliokuwa nabanwa pua kunyweshwa. Mhasibu akasema, "Uchungu safi sana huu." Mtu huyu huyu kahawa anatia sukari vijiko vinne.

Mangi alikuwa hajasema neno. Akanywa kidogo, akaweka chini. Akanywa tena. Akakigeuza kijiglasi kwenye mwanga, akakirudisha mezani kwa heshima, akasema, "Hii ni msesewa."

Kijana akauliza msesewa ni nini, na hapo ndipo alipopoteza usukani wa meza. Mangi akavuta kiti mbele. Akaeleza ndizi zilizoiva zinavyochemshwa muda mrefu na kuachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi unavyoloweshwa ukaota, ukaanikwa, ukasagwa, ukapikwa uji. Viwili hivyo vinavyokutanishwa vikawa mbege, pombe ya Wachaga. Na magome ya mti wa msesewa yanavyotiwa ili utamu wa ndizi upate mpinzani. "Kimea tunacho. Chachu tunayo. Uchungu tunao, na huo wetu hautaki jua la Ulaya. Bibi yangu alikuwa na kiwanda, tofauti ni kwamba hakuvaa aproni." Kijana akatoa simu akaanza kuandika. Akauliza magome yanatiwa saa ngapi, mwanzo au mwisho, Mangi akasema hilo tuliongee pembeni.

Kijiglasi cha mwisho, kile cheusi, kilikuja bila baridi. Nikamwita dada wa pale nikamwambia friji yao imezimika. Akaniambia, kwa adabu zote, kwamba stauti inanywewa kwenye nyuzi 10 hadi 13 hivi, kwa sababu baridi kali inaua ladha.

Nikamkumbuka baba mdogo wangu. Mzee yule alianza kunywa Safari tangu ilipotoka mwaka 1977, na mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika na hata sabuni ikapangiwa foleni, ukiipata bia hukuuliza habari za friji. Akazoea ya moto. Mpaka leo anaagiza ya moto, itolewe kwenye kreti, ikiwezekana kreti la chini. Tumemcheka miaka yote. Vijana wa ukoo tulikuwa tunamwita kwa siri Mzee Vuguvugu. Kumbe alikuwa mtaalamu, tena bila ubao wenye matundu! Ningempigia simu Kilosa nimwombe radhi kwa niaba ya ukoo, lakini ataniuliza glasi ni shilingi ngapi, na nikimjibu ataanza kunichangishia ndugu.

Na kile cheusi kilikuwa kitamu, naomba kiandikwe hivyo. Kimea kimekaangwa hadi kikaungua vizuri, kwa hiyo unapata kahawa na hakuna aliyetia kahawa. Nilitamani chupa. Hakuna chupa.

Hapo ndipo shida yangu kubwa ilipoanza. Nimefurahi, na mimi nikifurahi nina ugonjwa mmoja tu. Nikapiga meza: "Dada, mzungushie meza!" Akatoa kikalamu. "Za aina gani, kaka?" Mhasibu anataka ya 12,000. Ticha ya 15,000, ile ya embe, lakini nusu glasi. Mangi anataka ya 10,000 ila kubwa, na hiyo kubwa inakuwa 16,000. Raundi gani hiyo? Raundi maana yake wote sawa, na kesho zamu yako. Bei zikitofautiana huo ni mnada. Mhasibu ameshafungua kikokotoo anauliza kama raundi yake ijayo itafuata thamani au idadi. Nikasema basi, mwacheni kila mtu anunue yake. Sijawahi kutamka sentensi hiyo tangu nianze kunywa, na niliona aibu kuisikia ikitoka kinywani mwangu.

Nikajaribu njia nyingine. Nikasema walau niwaachie mbili mbili kaunta, siku wakirudi wazikute. Dada akacheka. "Kaka, hiyo ya embe inaisha leo. Wiki ijayo tunaweka nyingine kabisa." Bia isiyokungoja! Unamwachiaje mtu kitu kinachobadilika kila wiki?

Chakula sitakisema sana. Chipsi zilikuja kwenye kindoo cha bati, zimesimama wima, nikazihesabu bila kukusudia. Niliomba kachumbari nikapewa majani.

Bili ikaletwa ndani ya kijitabu cha ngozi. Sikukifungua, kitu kinachofungwa ngozi huwa ni hati ya kiwanja au habari mbaya. Mhasibu akapendekeza tugawane sawa. Mangi akasema yeye ametoa utaalamu wa msesewa, akatwe humo. Ticha alikuwa chooni, na alikuwa huko tangu kijitabu kilipoonekana kwenye upeo. Vizibo vya kuhesabu hakuna, kwa hiyo kila mmoja akawa anakumbuka anavyopenda yeye. Tukalipa kwa Lipa Namba, mtandao ukazunguka, ukazunguka, na kitu pekee kilichozunguka meza ile usiku mzima kilikuwa hicho.

Saa tano tulikuwa Tabata. Dada akaja, akauliza swali lake. Ticha, mtu niliyemfahamu tangu ananunua bia kwa chenji ya nauli, akajiweka sawa kwenye kiti cha plastiki, akasema, "Dada, mimi nipatie ya wastani. Nyuzi kumi na mbili hivi."

Dada akamtazama. Akaenda. Akarudi na chupa mbili, moja inatoka jasho, moja ina vumbi la kreti, akazifungua zote mbele yake. "Changanya mwenyewe."

Mbili hizo Ticha alilipa, na vizibo vilikuwepo.

Leo asubuhi Mangi ametangaza kundini: Jumamosi ijayo ni Kimara, kuonja mbege. Kutakuwa na aina tatu, ya juzi, ya jana na ya leo, na kijana wa Masaki amealikwa na amekubali. Mchango ni 15,000. Nimetuma 7,000, nyingine nitaimalizia kwa kubeba karanga. Nimeuliza pia kama tutapewa vijiglasi kila mtu na chake, au kata itazunguka. Mangi amesoma, hajajibu. Mhasibu ametuma jedwali.