Daiki za Okavango: umri umepimwa, sababu bado ina utata

Chini ya mchanga wa Kalahari, kaskazini mwa Botswana, kuna mamia ya kuta za mwamba mweusi zilizojipanga sambamba kama mistari ya daftari. Wanajiolojia huziita daiki: magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilipenya kwenye nyufa za ardhi ikaganda humo humo. Nyingi hazionekani, zilitambuliwa na ndege zilizobeba vipima sumaku.

Kundi hili linaelekea mashariki hadi kusini mwa Zimbabwe, ambako linakutana na mengine, likiwemo lile linaloshuka upande wa milima ya Lebombo, mpakani mwa Afrika Kusini na Msumbiji. Mwaka 1973 Kevin Burke na John Dewey walieleza kwamba nyufa tatu zinazokutana mahali pamoja ni alama ya joto lililopanda kutoka vilindini, likauinua ukoko wa dunia mpaka ukapasuka. Kwa Okavango maelezo hayo yalikaa sawasawa, pengine mno: hapa ndipo bara kuu la Gondwana lilipoanza kuachana, na baadaye Madagaska ikabanduka kutoka pwani yetu.

Kisha daiki zikapimwa umri. Matokeo yaliyotoka 2004 yalionyesha kuwa nyingi zina miaka milioni 179 hivi, lakini baadhi zimezitangulia kwa mamia ya mamilioni ya miaka, kabla Gondwana yenyewe haijaungana. Na zote zinaelekea upande ule ule! Magma, kama maji, ilifuata mkondo uliokuwepo.

Watetezi wa joto la vilindini hawakukosa jibu. Wingi wa magma ya Karoo, mmiminiko mkubwa wa kusini mwa Afrika ambao daiki nyingi za Okavango ni sehemu yake, iliyomwagika hasa miaka milioni 183 iliyopita, lazima uwe na chanzo. Nyufa za kale huonyesha njia tu, hazitengenezi moto. Hoja hiyo naikubali. Ila umbo la nyufa tatu, lililokuwa shahidi wao mkuu, naona halitoshi tena.

Vipimo navyo vina ila. Daiki hizi zilipimwa kwa argoni, gesi ambayo mwamba ukiinasa kwa ziada huonekana mzee kuliko ulivyo, na ukichakaa huipoteza. Madini ya badeleyiti ni saa bora: yanapozaliwa hupokea urani na karibu kuikataa kabisa metali ya risasi, hivyo risasi inayokutwa humo imetokana na urani iliyogeuka polepole. Ndiyo yaliyozipa daiki za Mackenzie, Kanada, umri wa miaka milioni 1,267. Lakini chembe zake ni ndogo na si kila daiki inazo, na kule Okavango umri wa daiki moja hauwezi kuazimwa na jirani yake.