Hasheem Thabeet na mzigo wa namba mbili

Drafti ya 2009, zamu ya timu za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, kuchagua wachezaji wapya, ikitajwa, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam hugeuzwa kichekesho. Memphis Grizzlies walimchagua wa pili. James Harden akaenda wa tatu, Stephen Curry akangoja hadi wa saba, na wote wawili wakaja kuwa nyota. Wanaomcheka hawakosi hoja. Alicheza mechi 224 kwa wastani wa pointi 2.2, na msimu wake wa kwanza haukuisha kabla hajapelekwa ligi ya maendeleo.

Ila wengi wao hawagusi miaka yake mitatu Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Alikuwa ameanza kikapu ukubwani, akiwa na miaka kama 15, lakini akachaguliwa mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo ambayo Connecticut ilichezea, mara mbili mfululizo, 2008 na 2009. Msimu wa mwisho alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi (mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa) 10.8 na mitupo 4.2 iliyozuiwa kila mechi, na timu ikafika nusu fainali ya taifa. Namba za namna hiyo hazipatikani kwa urefu pekee, hata ukiwa na mita 2.21.

Sasa, je, chuo kilimkuza au kilimficha? Naona kilifanya yote mawili, na kuficha kulizidi. Kikapu cha vyuo hakimbani beki kwa muda: Thabeet aliweza kusimama chini ya ringi akingoja waje. NBA beki asiyemkaba mtu kwa karibu hukaa hapo sekunde tatu tu, kisha ni kosa. Kwa hiyo senta, yule mrefu wa chini ya ringi kama Thabeet, hulazimika kutoka, kurudi, kugeuka upesi, na miguu yake haikuwa na wepesi huo.

Dalili zilionekana mapema. Februari 2009 DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi kwake kwa kama sentimita 20, alimsukuma atakavyo na kuondoka na pointi 22 na ribaundi 23. Wasaka vipaji waliiona mechi hiyo kama sisi. Blair, waliyegawana naye tuzo ya mchezaji bora wa Big East mwaka huo, akachaguliwa wa 37. Na Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol katika nafasi hiyohiyo. Kijana anayejifunza bado akaambulia dakika kama 13 kwa mechi. Hapo lawama ni ya waliochagua kuliko ya aliyechaguliwa.

Wapo wanaosema angebaki chuoni mwaka wa nne. Kimchezo huenda wana haki, maana mchezo wake wa kushambulia ulikuwa mbichi. Kimaisha sikubaliani nao. Wakati ule mwanachuo hakuruhusiwa kulipwa hata kwa kutumia jina lake, na goti moja likipasuka mkataba wa mamilioni unayeyuka. Tangu 2021 vyuo vimelegeza, wachezaji wanavuna pesa za matangazo na wengine huahirisha drafti. Kwa kijana wa Kitanzania hesabu hiyo bado ina mkwamo: viza ya masomo humbana asifanye kazi za kulipwa, hata mwenzake Mmarekani wa timu hiyohiyo akisaini mikataba.